Uliza kabla hujameza: mwongozo kamili wa dawa, virutubisho na vipimo kwa mwanamichezo wa Kigoma

Siku moja, saa mbili kabla ya fainali ya ligi ya mtaa, mtu mmoja aliingia katika chumba tulichokuwa tunabadilishia nguo akiwa na mfuko mweusi wa nailoni. Wachezaji watatu waliokuwa wakilalamika maumivu ya goti walichomwa sindano mmoja baada ya mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba mkoba wa huduma ya kwanza wa timu, na mimi ndiye niliyeshika pamba. Sikuuliza dawa inaitwaje. Vichupa vilitupwa kwenye shimo la taka nyuma ya uwanja, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua vijana wale waliingiziwa nini mwilini.

Haya ninayoandika ni yale ambayo ningetaka kuyajua siku ile.

Hapa Kigoma, mtu akisikia habari za dawa za kuongeza nguvu michezoni anawaza waendesha baiskeli wa Ulaya na maabara za siri. Mawazo hayo yanatuponza. Kijana wa Ujiji au Gungu hana fedha ya kununua homoni za damu. Kinachoweza kumfungia miaka mitatu, minne, kiko katika duka la dawa muhimu jirani na kwao, kwenye kabati la bibi mwenye presha, au kwenye dripu atakayotundikiwa ili "apate nguvu" kabla ya mechi.

Mfano mkubwa tumeuona kwa majirani zetu. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2:09:56, rekodi ya dunia ya wanawake. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na haidroklorothayazaidi, dawa ya kukojoza ambayo hospitali zetu huwapa watu wa presha kila siku. Maelezo aliyoyatoa baadaye ni kwamba aliugua, akameza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani bila kuangalia ina nini. Alifungiwa miaka 3, na ingekuwa 4 kama asingekiri mapema.

Hatua ya 1: Jua sheria inakushika wapi

Kanuni za dunia nzima zinasimamiwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, lililoanzishwa mwaka 1999. Ukishasajiliwa na klabu iliyo chini ya shirikisho, iwe ya mpira, riadha, ngumi au wavu, umeingia ndani ya kanuni hizo hata kama hujawahi kuziona. Usiseme hayo ni ya wachezaji wa klabu ya Mashujaa pale uwanja wa Lake Tanganyika tu. Anayecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, leo anaweza kuitwa timu ya taifa ya vijana kabla hajamaliza kidato cha sita, na mazoea aliyoyabeba kutoka nyumbani ataingia nayo kambini.

Msingi wa sheria ni mgumu na ni vizuri ukauelewa mapema: kilichokutwa katika mkojo au damu yako ni chako. "Alinipa daktari", "sikujua", "mwalimu ndiye aliyeleta" zinaweza kukupunguzia adhabu, lakini hazikufutii kosa.

Orodha ya vilivyokatazwa hutolewa upya na kuanza kutumika Januari 1 kila mwaka. Ina mafungu mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna vilivyokatazwa siku zote, mazoezini, likizoni, hata ukiwa umelala: steroidi za kujenga misuli, testosteroni, homoni ya ukuaji, EPO inayozidisha chembe nyekundu za damu, insulini, na dawa za kukojoza. Halafu kuna vilivyokatazwa wakati wa mashindano tu, kama vichangamshi, tramadoli ya maumivu, bangi na mirungi. Na "wakati wa mashindano" hauanzi filimbi inapopulizwa. Kwa kawaida unaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo.

Hatua ya 2: Nunua daftari

Namaanisha daftari la kawaida la dukani, kurasa 48 zinatosha. Kila kinachoingia mwilini mwako ambacho si chakula, kiandike: tarehe, jina, kiasi, nani kakupa, kwa ugonjwa gani. Piga picha boksi na karatasi ya maelezo iliyomo ndani. Siku ukipimwa, fomu itakuuliza dawa na virutubisho ulivyotumia siku 7 zilizopita, na ukiwa umechoka hivyo hutakumbuka kitu. Daftari likumbuke kwa niaba yako.

Hatua ya 3: Soma jina la pili

Boksi la dawa lina majina mawili. Kubwa ni la kibiashara, ambalo kila kampuni inajitungia. Dogo, chini yake au pembeni, ndilo jina la dawa yenyewe, na ndilo linalotafutwa kwenye orodha. Dawa za kampuni tano tofauti zinaweza kuwa kitu kilekile. Humu nimeandika majina kwa matamshi yetu. Kwenye boksi yapo kwa tahajia ya Kizungu, kwa hiyo nakili herufi kwa herufi. Ukiona majina mawili au matatu yameunganishwa kwa alama ya kujumlisha, tafuta yote. Dawa nyingi za presha zimechanganywa hivyo, na HCT au HCTZ mwishoni mwa jina ni ile haidroklorothayazaidi iliyomponza Chepngetich.

Dukani sema wazi kabla hujaonyeshwa chochote: "Dokta, mimi ni mwanamichezo, napimwa. Naomba dawa isiyo kwenye orodha iliyokatazwa, na naomba boksi lake nisome." Usikubali vidonge vilivyohesabiwa na kutiwa katika kibahasha cha kaki bila kuona vilikotoka. Muuzaji akisema hajui kuhusu orodha, hilo ni jibu la kweli na lenye heshima. Mshukuru, piga picha, mtumie daktari wa timu au tafuta mwenyewe orodha ya WADA kwenye simu. Haina malipo.

Hatua ya 4: Jifunze kuugua kama mwanamichezo

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Malaria kwanza, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Dawa ya mseto haikatazwi. Sindano ya atesuneti kwa malaria kali haikatazwi. Parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki, amoksilini na metronidazoli pia hazimo kwenye orodha. Usiache kujitibu malaria kwa kuogopa kipimo. Huo ni ujinga unaoua.

Tatizo ni dripu. Kanuni inakataza kuingiziwa maji yoyote kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, na chupa ya kawaida ya dripu ni mililita 500. Haijalishi ndani kuna nini. Hata maji ya glukosi matupu yamekatazwa, siku zote. Yanayoruhusiwa ni yale uliyowekewa kihalali katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Kwa hiyo ukilazwa hospitali ya Maweni hoi kwa malaria, ukatundikiwa, uko salama: omba nakala ya maelezo ya matibabu na uitunze. Lakini desturi ya kumwita mtu nyumbani au kambini akutundikie "maji ya nguvu" usiku wa kuamkia mechi ni kosa sawa na kosa la dawa. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na waliokuwa wakiifanya waliamini wanawatendea wachezaji wema.

Kikohozi na kifua kinafuata. Salbutamoli ya kuvuta kwa pampu inaruhusiwa kwa mwenye pumu, isizidi mikrogramu 1600 kwa saa 24 wala 600 ndani ya saa 8 zozote. Salbutamoli ileile ikiwa kidonge au sirapu imekatazwa siku zote. Sirapu nyingi za kikohozi zimewekwa salbutamoli au tabutalini, na mama yeyote mwenye mtoto anayo moja nyumbani. Usipige funda kwa kuwa koo linawasha. Mafua nayo yana mtego wake: vidonge vya kuzibua pua mara nyingi huwa na sudoefedrini, ambayo mazoezini haina tatizo lakini kwenye mashindano ina kiwango cha mwisho. Iache angalau saa 24 kabla.

Maumivu. Tramadoli ilikatazwa wakati wa mashindano kuanzia Januari 1, 2024, na wachezaji wengi wa mpira bado hawajasikia. Kisha kuna steroidi za kutuliza uvimbe: prednisoloni, deksamethasoni, triamsinoloni na ndugu zao. Hizi si zile za kujenga misuli, ila zimekatazwa wakati wa mashindano zikimezwa, na tangu 2022 zikichomwa sindano ya aina yoyote, hata ile ya ndani ya goti. Muda wa kutoka mwilini unatofautiana sana. Kidonge cha prednisoloni kinahesabiwa siku 3 kabla ya mashindano. Deksamethasoni ya kuchomwa kwenye msuli, siku 5. Triamsinoloni ya msuli, siku 60. Ndiyo maana jina la sindano ni muhimu kuliko mchomaji. Krimu ya kupaka na pampu ya kuvuta za aina hii zinaruhusiwa.

Kwa dada zetu na wote wanaotaka kunenepa: vidonge vya "kuongeza mwili" vinavyouzwa kwa kificho vinaweza kuwa na deksamethasoni. Uso unajaa maji, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na ukiviacha ghafla mwili unaweza kuzimia kwa kukosa homoni yake wenyewe.

Mabondia nao wana dawa yao, furosemaidi, inayomezwa ili kukojoa maji na kushuka uzito kabla ya kupimwa. Imekatazwa siku zote. Inaondoa pia potasiamu mwilini, na moyo ukikosa potasiamu unaweza kupoteza mapigo. Pigana uzito wako.

Hatua ya 5: Ukihitaji dawa iliyokatazwa, omba kibali

Mwenye kisukari hawezi kuacha insulini. Kuna kibali cha matumizi ya kitabibu kwa ajili yake. Daktari anajaza fomu, anaambatanisha vipimo na historia ya ugonjwa, na kuonyesha kwamba hakuna dawa nyingine inayofaa na kwamba dawa hiyo haikupi nguvu zaidi ya kukurudisha katika afya yako. Mchezaji wa ndani ya nchi anapeleka kwenye mamlaka ya kitaifa. Wa kimataifa kwenye shirikisho la dunia la mchezo wake. Peleka angalau siku 30 kabla ya mashindano. Ikiwa ilikuwa dharura, kama dripu uliyowekewa zahanati ya kijijini huna fahamu, kibali kinaweza kuombwa baada ya tukio, mradi una karatasi. Bila karatasi huna kitu.

Hatua ya 6: Pita mbali na unga usio na jina

Kigoma iko jirani na Kongo, na mjini hapa vumbi la Kongo, ule unga wa mitishamba wa kuongeza nguvu, halitafutwi kwa tochi. Sijaandika hapa ili kugombana na waganga wa mitishamba. Babu yangu alitibu watu. Ninachosema ni kwamba unga uliofungwa kwenye karatasi hauna orodha ya vilivyomo, na maabara haitauliza ulinunua kwa nani. Makopo ya protini na ya "kuchoma mafuta" yanayoagizwa mtandaoni yana hatari hiyohiyo ingawa yamepambwa: yapo yaliyokutwa na steroidi au vichangamshi ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Hakuna wakala wala muuzaji anayeweza kukuhakikishia kwa mdomo. Kama lazima, tafuta kopo ambalo toleo lake limepimwa na maabara huru, na tunza namba ya toleo hilo.

Mirungi ina kathini na kathinoni, zote zimekatazwa wakati wa mashindano, na sheria ya nchi inakukamata kabla ya sheria ya mpira. Bangi hukaa mwilini: mvutaji wa mara kwa mara anaweza kukutwa nayo wiki kadhaa baadaye. Ukithibitisha uliivuta nje ya mashindano na haikuhusu mchezo, adhabu ni miezi 3, ikishuka hadi mwezi 1 ukikubali kutibiwa.

Kuhusu steroidi za misuli, zinazouzwa kwenye baadhi ya majimu: mwanaume, korodani zinasinyaa na mwili unaacha kutengeneza testosteroni yake. Mwanamke, sauti inakuwa nzito na hairudi. Kijana anayekua, mifupa inafunga mapema na urefu unakomea hapo. Adhabu ya kawaida ni miaka 4.

Hatua ya 7: Tumia vinavyosaidia kweli

EPO inatafutwa na wadanganyifu kwa sababu moja: inaongeza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Malaria inafanya kinyume chake. Inazipasua chembe hizo. Mchezaji aliyeugua malaria mara mbili kwa msimu anakimbia na damu pungufu bila kujua, mwalimu anasema "amelegea". Kwa hiyo chandarua, kila usiku, hata kambini, ni jambo la kwanza la nguvu kwa mwanamichezo wa mkoa huu. La pili ni kupima wingi wa damu mwanzo wa msimu na baada ya kila malaria. Wasichana wapime mara nyingi zaidi kwa sababu ya hedhi. Ukiwa chini, vidonge vya madini ya chuma kwa ushauri wa daktari vinaruhusiwa.

Kisha sahani yako. Mwanamichezo anahitaji karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni kama gramu 96. Ugali wa muhogo unakupa wanga mzuri wa kukimbilia lakini protini yake ni kidogo mno. Dagaa wakavu wa ziwa letu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu 100 za dagaa kwa siku, bakuli la maharage ya Kasulu, na mgebuka jioni, umefika, na umebaki na nauli. Wakaange kwa mawese, upate vitamini A humohumo. Kopo la unga la laki moja na zaidi halina cha kumzidi dagaa isipokuwa picha ya mtu mwenye kifua.

Kafeini iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004 na inasaidia kweli. Miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kama saa moja kabla ya mchezo. Kwa kilo 60 ni miligramu 180, takriban vikombe viwili vya kawaida vya kahawa. Kahawa ya Kalinzi inatosha. Ijaribu mazoezini kwanza, maana wengine tumbo linawasumbua. Usichanganye na vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, utazidisha bila kujua. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, nayo inaruhusiwa na inawafaa wanaohitaji mbio fupi na misuli, ila hadhari ya makopo niliyoitaja inabaki palepale.

Badala ya dripu, kunywa. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ya kurudisha.

Hatua ya 8: Siku ukiitwa kupimwa

Unaweza kuchaguliwa kwa kura au kwa kushinda. Kukataa au kutoroka kunahesabiwa sawa na kukutwa na dawa, mpaka miaka 4. Ofisa atakuonyesha kitambulisho chake, kisome. Kuanzia hapo usitoke machoni pake. Una haki ya kuwa na mtu wako, na aliye chini ya miaka 18 aende na mtu mzima. Unaweza kuomba muda wa kupokea medali au kutibiwa jeraha, mkiwa pamoja.

Kunywa chupa zilizofungwa tu, uzifungue mwenyewe, na usinywe kupita kiasi. Mkojo mwepesi kama maji haukubaliwi na utakaa hapo mpaka usiku. Chagua kikombe mwenyewe, kisha boksi la chupa mwenyewe. Ofisa wa jinsia yako ataangalia mkojo unavyotoka mwilini, na nguo itabidi ipande hadi kifuani na suruali ishuke hadi magotini. Ni aibu, hasa kwa msichana aliyelelewa kwa staha, ndiyo maana nawasihi viongozi wawaeleze mabinti mapema, si mlangoni mwa choo. Zinahitajika mililita 90. Unamimina mwenyewe katika chupa A na B, unafunga mwenyewe, unalinganisha namba na zile za kwenye fomu. Toa daftari, taja dawa zote. Kama kuna jambo halikwenda sawa, liandike kwenye sehemu ya maoni kabla ya kusaini. Ondoka na nakala yako, uitunze miaka. Sampuli yenyewe inaweza kuhifadhiwa na kupimwa tena hadi miaka 10. Majibu yakija mabaya, una haki ya kuomba chupa B ifunguliwe.

Hatua ya 9: Mtu wa mfuko mweusi

Hii ndiyo ngumu, kwa sababu anayekuja si mgeni. Ni mlezi wa timu, ni mzee aliyewanunulia jezi, ni kaka wa nahodha. Kumkatalia mkubwa kwetu si jambo dogo. Basi usimkatalie mtu, muombe chupa. "Shikamoo mzee. Naomba nisome jina kwanza niandike kwenye daftari langu." Sema ukiwa umesimama, wenzako wakisikia, maana wapo wanaoogopa kuwa wa kwanza kusema. Akikupa, piga picha jina la pili, tuma kwa daktari, subiri jibu. Akisema hakuna muda, au chupa haina lebo, vaa viatu, toka nje, anza kupasha misuli.

Na wewe uliyeshika pamba, iweke chini.